Alexander Mackay: Mhandisi wa barabara ya Saadani iliyoshindwa na mbung'o

MSAFIRI wa basi anayetoka Dar es Salaam kwenda Dodoma hupita Morogoro, Dumila na Gairo katika saa chache tu. Ni wachache wanaojua kwamba katika vilima vya Mamboya, jirani na barabara hiyo ya lami, ilipita mwaka 1877 barabara nyingine, iliyotoka pwani ya Saadani hadi Mpwapwa, mwendo wa maili 230, yaani kilomita 370 hivi. Ilikatwa kwa shoka, panga na sururu chini ya usimamizi wa kijana wa miaka 27. Ilikusudiwa kupitisha magari ya kukokotwa na ng'ombe. Haikudumu.

Kijana huyo alikuwa Alexander Murdoch Mackay, Mskochi ambaye jina lake linajulikana zaidi nchini Uganda kuliko hapa Tanzania, ingawa alianzia kazi yake hapa na akafia hapa. Vitabu vya maisha yake humsifu kwa mashine ya kupigia chapa, kwa tafsiri za Maandiko katika Kiganda na kwa ushupavu wake mbele ya Kabaka Mwanga. Barabara yake hupewa aya moja au mbili, kisha mwandishi hukimbilia Buganda. Huo ni upungufu, kwa maana katika kilomita hizo 370 ndimo mhandisi huyo hodari alimokutana na jambo ambalo chuo hakikumfundisha: kwamba nchi ina wenyewe, wakiwamo wanadamu na wadudu, na kwamba njia hupita kwa ridhaa yao.

Mackay alizaliwa Oktoba 13, 1849 katika kijiji cha Rhynie, jimbo la Aberdeenshire. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kanisa Huru la Skochi na msomi wa jiografia, na ndiye aliyemfundisha mwanawe nyumbani kwa miaka mingi. Husimuliwa kwamba walipotembea pamoja, mzee alikuwa akisimama njiani na kuchora kwa fimbo yake juu ya mchanga mkondo wa mto Zambezi na safari za Livingstone. Mtoto akajifunza ramani ya Afrika kwa kuitazama ikichorwa juu ya vumbi la Skochi.

Baba alitamani kijana awe mchungaji. Kijana alipenda zaidi kwenda kituo cha reli kuangalia injini ya moshi. Familia ilipohamia Edinburgh mwaka 1867, aliingia chuo cha ualimu, kisha akasoma uhandisi. Mwaka 1873 alikwenda Ujerumani, akaajiriwa Berlin kuwa mchoraji wa mitambo, na mashine moja ya kilimo aliyoibuni ikapata tuzo ya kwanza katika maonyesho ya Breslau. Mbele yake palikuwa na maisha ya raha.

Novemba 15, 1875 gazeti la Daily Telegraph la London lilichapisha barua ya Henry Morton Stanley, aliyekuwa ameonana na Kabaka Muteesa wa Kwanza. Barua hiyo iliwaita wamisionari Buganda, na ilisisitiza kwamba wanaotakiwa ni watu wenye ujuzi wa mikono: wajenzi, wakulima, mafundi. Kabla ya mwaka kwisha Mackay alikuwa ameandika kwa shirika la kimisionari la CMS akijitolea. Aprili 27, 1876 aliondoka Southampton pamoja na kundi la wamisionari wanane, yeye akiwa mdogo kuliko wote. Katika hafla ya kuwaaga aliwatahadharisha wakuu wa shirika kwamba pengine ndani ya miezi sita wangesikia mmoja wao amekufa. Haikupita miezi sita. James Robertson, fundi, alifia Zanzibar Agosti mwaka ule ule.

Tatizo la kwanza la msafara huo lilikuwa usafirishaji. Walikuwa na shehena kubwa, pamoja na mashua ya mvuke iliyoitwa Daisy, iliyotengenezwa kwa vipande ili ibebwe mpaka ziwani. Mackay aliunga vipande hivyo pwani akajaribu kupanda mto Wami. Mto ukamcheka. Ulikuwa umepinda na kujikunja kiasi kwamba mwendo wa siku nzima ulimpeleka mbali kidogo tu kutoka alipoanzia. Akajaribu mto Kingani, ambao bara huitwa Ruvu, nao ukawa vivyo hivyo. Hakukuwa na njia ya maji. Ikabaki miguu ya wanadamu.

Hapa inafaa kutua kidogo, kwa sababu njia hiyo ya miguu mara nyingi hutajwa kana kwamba haikuwa kitu. Wasafiri wa Ulaya waliiona kuwa kijinjia chembamba cha kupita mtu mmoja mmoja, kinachopinda bila sababu. Sababu zilikuwapo. Njia ya msafara ilikwenda kutoka kisima hadi kisima, kutoka kijiji chenye akiba ya nafaka hadi kijiji kingine. Ilikwepa mahali penye uhasama, ikapita kwa mtawala ambaye hongo yake inajulikana na hulipika. Mti ulipoanguka, mpagazi mwenye mzigo wa frasila mbili, kilo 32 hivi, hakuwa na sababu ya kutua na kuukata. Aliuzunguka, na waliomfuata wakauzunguka, na kona ikazaliwa.

Wapagazi wenyewe, wengi wao Wanyamwezi, hawakuwa watu waliookotwa njiani. Walikuwa na kazi yao, viongozi wao, na majira yao. Wengi waliteremka pwani wakati wa kiangazi na kujitahidi kurudi kwao kabla ya msimu wa kilimo. Barabara ile nyembamba ilikuwa imefungamana na kalenda ya jembe. Haikuhitaji karavati wala daraja. Ilihitaji amani, chakula na maji.

Mackay aliionja njia hiyo mwenyewe. Aliondoka pwani kwenda bara mwaka 1876, na mnamo Novemba homa ikamwangusha kabisa alipokuwa amefika upande wa Mpwapwa. Wenzake wakaamua arudishwe pwani. Alipopona, wakuu wake walimpa kazi ya kungoja: wakati wengine wakiendelea kuelekea ziwani, yeye apasue barabara ya magari kutoka Saadani hadi Mpwapwa.

Wazo hilo halikuwa lake peke yake. Mwaka 1876 Mchungaji Roger Price wa shirika la kimisionari la London, aliyezoea magari ya ng'ombe ya kusini mwa Afrika, alikuwa ameswaga ng'ombe wachache kutoka Saadani hadi Mpwapwa kupima kama wangeweza kuishi. Alirudi na matumaini makubwa. Nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, mara nyingi hauui siku hiyo hiyo. Mnyama huweza kukonda kwa wiki kadhaa au miezi kabla ya kuanguka. Safari ile ilikuwa fupi mno kutoa jibu, lakini jibu lilichukuliwa, na juu yake yakajengwa matumaini ya mashirika mawili.

Saadani wakati huo ilikuwa chini ya Bwana Heri bin Juma, mtu ambaye miaka michache baadaye angesumbua sana majeshi ya Wajerumani. Nyuma ya mji lilianza pori la miiba lililofumana kama jamvi. Mackay alikuwa na mashoka na misumeno kutoka Uingereza, sururu, majembe na kikosi cha vibarua. Walikata miti na miiba, wakachimbua visiki, wakachonga kingo za makorongo ili gari liweze kushuka na kupanda, wakajaza mashimo, wakatandika magogo juu ya vijito. Waliivuka nchi ya Uzigua, wakapita bonde la Wami kando ya milima ya Nguru, wakapanda Usagara kwa njia ya Mamboya, hatimaye wakafika Mpwapwa, ambapo nchi kavu ya Ugogo huanza. Kwa kazi ya mikono ya miezi michache, umbali ule ni wa kustaajabisha, na hakuna anayeweza kumnyima Mackay sifa hiyo.

Baada ya hapo alileta magari na ng'ombe. Mvua zikashuka. Mabonde aliyoyasawazisha yakageuka tope, magurudumu yakazama hadi mhimili, na vibarua wakawa wanashusha mizigo, wanakwamua gari, wanapakia upya, kisha gari linazama tena hatua mia moja mbele. Halafu ng'ombe wakaanza kufa. Walikufa mmoja mmoja, kisha kwa makundi. Mwishoni mwa safari barabara ilikuwapo, magari yalikuwapo, na hakukuwa na cha kuyakokota.

Shirika la London lilipata hasara kubwa zaidi. Msafara wake ulitua pwani mwaka 1877 ukiwa na nia ya kwenda kwa magari hadi Ujiji, mkoani Kigoma ya leo. Ng'ombe wake nao waliteketea kabla ya kuvuka nchi hizo, magari yakaachwa, Price akarudi Uingereza kueleza yaliyotokea, na waliobaki wakaajiri wapagazi kama kila mtu. Walifika Ujiji Agosti 1878 kwa njia ile ile nyembamba iliyodharauliwa. Mwaka uliofuata katibu wa shirika hilo, Dk. Joseph Mullens, alikuja mwenyewe kuangalia kilichoharibika. Akafa njiani Julai 1879, akazikwa Mpwapwa.

Wenyeji walijua. Wafugaji wa bara walitambua vema ni mapori gani ng'ombe hawalali, na ramani hiyo ilisomeka waziwazi katika mahali walipojenga na mahali walipoacha. Penye mifugo hapakuwa na mbung'o, na penye mbung'o hapakuwa na mifugo. Kwa mhandisi, ukanda mtupu usio na boma ulionekana kuwa nafasi nzuri ya kupitisha gari. Ulikuwa mtupu kwa sababu. Sayansi ilichelewa: ni mwaka 1895 tu ndipo David Bruce, huko Zululand, alipothibitisha kwamba mbung'o hubeba vijidudu vya nagana.

Kwa watu wa Buha, jambo hili si hadithi ya mbali. Miinuko ya Muyama, Kasulu na Kibondo ilikuwa nchi ya ng'ombe wenye pembe ndefu kwa kuwa baridi yake haimpendezi mbung'o, na mabonde ya miombo yanayoteremka kuelekea Malagarasi yaliachiwa mdudu huyo. Katika miaka ya 1930, malale yalipoenea, serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwahamisha maelfu ya Waha waliozoea kujenga mbalimbali, kila kaya kwenye shamba lake, ikawakusanya katika makazi ya pamoja, mengi yakiwa kando ya barabara. Huko Saadani barabara ililetwa kwenye nchi ya mbung'o. Huku Buha watu waliletwa kwenye barabara ili kumkimbia. Katika miaka ya 1970, wakati wa Operesheni Vijiji, nyumba zilisogezwa tena. Mradi wa lami wa Kabingo–Kasulu–Manyovu, wa takriban kilomita 260, ambao Benki ya Maendeleo ya Afrika iliuidhinishia mkopo mwaka 2018, umepita katika nchi ambayo ramani ya makazi yake imeandikwa na kufutwa zaidi ya mara moja kwa ajili ya njia.

Mackay hakuwa peke yake katika kushindwa. Mwaka huo huo wa 1877 matajiri wa Uingereza, William Mackinnon na Thomas Fowell Buxton, kwa kibali cha Sultani Barghash wa Zanzibar, walianza kujenga barabara kutoka Dar es Salaam kuelekea ziwa Nyasa. Ilifika zaidi ya kilomita 100, ikaachwa mwaka 1881. Nayo ilikuwa imetegemea wanyama wa kukokota.

Habari mbaya zaidi ilimkuta akiwa bado katika shida za magari. Desemba 1877 Luteni George Shergold Smith, kiongozi wa msafara, na Thomas O'Neill waliuawa Ukerewe katika ugomvi kati ya mtawala Lukonge na mfanyabiashara wa Kiarabu. Dk. John Smith alikuwa amekwisha kufa kwa homa kusini mwa ziwa. Wengine wawili walikuwa wamerudishwa kwao wagonjwa. Kati ya wanane, walibaki Mackay na Mchungaji C. T. Wilson. Mackay aliyaacha magari, akashika njia ya miguu, akafika Kagei, kusini mwa ziwa Victoria, Juni 1878.

Pale alikuta vifaa vya msafara vimelundikwa ovyo katika kibanda, kutu na mchwa vikiwa kazini. Alivichambua siku baada ya siku. Kisha akafanya jambo linaloonyesha kwamba somo la Saadani lilikuwa limemwingia: alikwenda Ukerewe bila silaha, akakaa na Lukonge siku kadhaa, wakayamaliza. Waingereza wengine wangeomba kikosi. Yeye aliona kwamba asiyepatana na mwenye kisiwa hana njia ya ziwani.

Aliiunga Daisy akasafiri na Wilson. Dhoruba ikawatupa pwani ya magharibi ya ziwa, mashua ikapasuka. Mackay akaikata sehemu ya kati, akatumia mbao zake kuziba mbele na nyuma, akapata mashua fupi lakini nzima. Kazi hiyo ilichukua wiki nane. Novemba 1878 aliingia Rubaga, makao ya Kabaka Muteesa.

Huko Buganda alikuta barabara za namna ya tatu, zisizofanana na njia ya mpagazi wala na barabara yake. Zilikuwa pana, zilizofyekwa, na zilinyooka. Zilipanda kilima na kushuka kilima bila kujali mwinuko, zikavuka mabwawa ya mafunjo juu ya magogo na matete. Kwa kipimo cha mhandisi, barabara inayopanda kilima wakati ingeweza kukizunguka ni kosa. Lakini barabara ya Buganda haikuchorwa kwa ajili ya gurudumu. Iliunganisha makao ya chifu na makao ya Kabaka, na kila chifu aliwajibika kwa kipande chake, akiwaita watu wake kufyeka nyasi na kutengeneza madaraja. Aliyezembea alieleza mbele ya mfalme.

Hilo ndilo lililokosekana Saadani. Barabara ya Mackay haikuwa na mtu wa kuitunza. Ilipita katika vijiji ambavyo haikuvipa kitu ambacho havikuwa nacho, ikaiacha kazi ya kufyeka kwa yeyote atakayejisikia, na nyasi za pwani hukua kwa kimo cha mtu katika msimu mmoja. Kama ng'ombe wangepona, bado ingekuwa vigumu kuona ingebakije wazi miaka kumi.

Maisha yake ya Buganda yanajulikana, na hapa yatosha kuyapitia kwa haraka. Alihubiri kwanza kwa Kiswahili, lugha iliyoeleweka barazani kwa Kabaka, kisha akajifunza Kiganda. Alijenga karakana yenye kerezo na tanuri la mhunzi. Alichimba kisima juu ya kilima, jambo lililowashangaza watu waliojua kwamba maji hukaa bondeni. Alichapa kurasa za kusomea, na vijana wa barazani wakaanza kuitwa wasomaji. Mama yake Kabaka alipofariki mwaka 1882, Mackay ndiye aliyesimamia utengenezaji wa jeneza lake, jeneza kubwa ajabu, moja ndani ya jingine, mpaka likaitwa na baadhi ya walioliona nyumba. Alibishana na wafanyabiashara wa Kiarabu kuhusu dini na utumwa, na kwa ukali wake alijitengenezea maadui wengi kuliko ilivyolazimu. Unyenyekevu haukuwa miongoni mwa vipaji vyake vikubwa.

Muteesa alikufa Oktoba 1884, akarithiwa na mwanawe Mwanga, kijana mwenye hofu nyingi. Na hapa suala la njia linarudi, safari hii kwa gharama ya damu.

Shirika la CMS lilikuwa limemteua James Hannington kuwa askofu. Safari yake ya kwanza, kwa njia ya kusini kupitia Unyamwezi, ilimwangusha kwa maradhi. Mwaka 1885 aliamua kupita Mombasa, nchi ya Wamasai na Busoga, kwa kuwa mtafiti Joseph Thomson alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba inawezekana. Kwenye ramani uamuzi huo ni mzuri: njia fupi, yenye baridi, yenye homa chache. Lakini barazani kwa Mwanga upande wa mashariki ulikuwa mlango wa nyuma wa ufalme, na iliaminika kwamba wale watakaoiteka Buganda wangeingilia huko. Mgeni mwenye heshima aliingia kwa kusini, kwa kuvuka ziwa, akionekana tangu mbali.

Hofu ya Mwanga haikuwa ya kipuuzi. Mwishoni mwa 1884 Carl Peters alikuwa amezunguka Uzigua, Nguru na Usagara akikusanya mikataba, na Februari 1885 Ujerumani ikatangaza ulinzi wake juu ya nchi hizo. Ndizo nchi zile zile ambazo barabara ya Mackay ilizikata miaka minane kabla. Habari zilifika Buganda kupitia wafanyabiashara, na mtu aliyesikia kwamba Wazungu wanakula nchi kule pwani, kisha akasikia Mzungu mwingine anakuja kwa mlango wa nyuma, hakuhitaji mshauri wa kumweleza maana yake.

Mackay na wenzake waliijua hofu hiyo, lakini maonyo yao hayakumfikia askofu kwa wakati. Oktoba 29, 1885 Hannington aliuawa Busoga, na pamoja naye wapagazi wake wapatao 50, watu wa pwani ambao majina yao hayamo katika madirisha ya kanisa lolote. Tayari mwanzoni mwa mwaka huo, Januari 31, vijana watatu Wakristo, Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama, walikuwa wamechomwa moto. Mwaka 1886 yakafuata mauaji ya Namugongo. Mackay alibaki Buganda karibu peke yake, akichapa, akifundisha kwa siri, akiitwa barazani na kutishwa, hadi Julai 1887 alipoondolewa.

Alivuka ziwa akahamia Usambiro, kusini, katika nchi ambayo sasa ni Tanzania. Huko aliwapokea wakimbizi Wakristo, akaendelea kutafsiri, na akarudia kuandika juu ya jambo lililokuwa limemkaa tangu Saadani, yaani usafiri. Sasa hakuzungumzia tena magari ya ng'ombe. Alitetea reli kutoka pwani hadi ziwani, kwa hoja kwamba mradi mzigo unabebwa kichwani, biashara ya watumwa itakuwa na kisingizio. Hoja hiyo ina ukweli na ina kasoro; wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru waliokuwa wakilipwa, na reli ilipokuja iliua kazi yao pamoja na mambo mengine.

Mwishoni mwa Agosti 1889 Stanley, ambaye barua yake ndiyo iliyomleta Mackay Afrika, alifika Usambiro akitoka kumchukua Emin Pasha. Alikuta karakana imejaa zana, boila la mashua likitengenezwa, mashimo ya kupasulia mbao, na nyumba ya udongo iliyosheheni vitabu. Alikaa wiki kadhaa, akaondoka akimhesabu Mackay kuwa mmisionari bora kuliko wote tangu Livingstone. Alimshauri arudi kwao kupumzika. Mackay alikuwa na miaka 13 bila kuiona Ulaya. Alikataa, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kushika nafasi yake.

Alikufa kwa malaria mwanzoni mwa Februari 1890, akiwa na miaka 40, na ile mashua ikiwa haijakamilika.

Reli aliyoitetea ilijengwa na wengine. Ya Waingereza ilianza Mombasa mwaka 1896 ikafika ziwani mwaka 1901, kwa upande ule ule wa mashariki ambao Mwanga aliuogopa. Ya Wajerumani ilianza Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914, na kwa sehemu kubwa ilifuata uelekeo wa misafara ya zamani, kwa sababu ndiko kulikokuwa na maji na watu. Iliipita Mpwapwa kwa mbali kidogo, kituo kikawekwa Gulwe. Saadani haikupata reli. Bandari iliyokuwa ikishindana na Bagamoyo ilibaki kijiji cha wavuvi, na pori lililoizunguka leo ni hifadhi ya taifa.

Mwaka 1927 mabaki ya Mackay yalifukuliwa Usambiro yakapelekwa Kampala, yakazikwa upya katika kilima cha Namirembe, kando ya kanisa kuu.